Zahanati ya serikali kijijini, ICU ya binafsi Dar, au hospitali teule ya misheni: muuguzi mpya aende wapi?

sista_mgeni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za zamu. Nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, leseni ya Baraza ninayo, na baada ya kusota mtaani kwa muda, milango imefunguka yote kwa mpigo. Naomba mnisaidie kupima.

Ya kwanza ni ajira ya serikali kupitia TAMISEMI. Nimepangiwa zahanati moja wilayani Sikonge, Tabora, ndani kabisa kwenye miombo. Ajira ya kudumu, ngazi ya mshahara TGHS B. Ya pili ni hospitali binafsi Dar, ICU, mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara uko chini kidogo ya ule wa serikali ila nitakaa kwa dada Kimara, sitalipa kodi. Ya tatu ni hospitali ya misheni Nyanda za Juu Kusini ambayo pia ni hospitali teule ya wilaya, yaani serikali imeiteua itumike kama hospitali ya wilaya: mkataba wa miaka 2, chumba ndani ya uzio, na leba yenye shughuli kwelikweli.

Napenda ukunga kuliko kitu chochote. Mama yangu ananitegemea. Na sikatai siku moja kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Tarehe ya kuripoti inakaribia. Nawasilisha.

mpiga_naiti

Serikalini. Kuna watu wana leseni kama yako na wanauza chipsi. Nenda karipoti, mengine utayajua huko huko.

mkunga_wa_unyamwezini

Mdogo wangu, mimi nimefanya kazi zahanati mkoa huo huo, kwa hiyo niache nikueleze kazi yenyewe, maana hapa watu watakwambia "serikalini" kana kwamba serikalini ni sehemu moja.

Zahanati maana yake mko watatu mkibahatika: tabibu ambaye ndiye mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, wewe, na mhudumu wa afya. Asubuhi kliniki ya mama na mtoto, chanjo, uzazi wa mpango, wanaokuja kuchukua dawa za VVU. Kuna siku za huduma ya mkoba, unabeba chanjo kwenye kikasha cha baridi unapanda pikipiki hadi vitongoji vya mbali. Jioni unajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za afya. Kitabu cha 12 cha uzazi peke yake kina safu nyingi kuliko daftari la mwenye duka, na mwisho wa mwezi ripoti lazima iende wilayani. Saa nane usiku unagongewa mlango, mama kaletwa na baiskeli.

Hapo ndipo raha na shida ya kazi hii vinakaa kitanda kimoja. Mama anajifungua salama, unampa oksitosini yuniti 10 ndani ya dakika moja, kondo linatoka, unadhani umemaliza, halafu damu inaanza kuja. Hakuna daktari wa kumwita. Unakanda mfuko wa uzazi, unaweka mpira wa mkojo, kanula mbili, unapiga 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura wa wajawazito, na wakati wote unajiuliza kama ile oksitosini ilikaa kwenye friji inayofanya kazi, maana inataka nyuzi 2 hadi 8 na jua la Tabora mnalijua. Gari likija unapanda na mgonjwa. Zahanati inabaki na mhudumu.

Mama yule akirudi wiki ya sita na mtoto mgongoni, hakuna mshahara unaofanana na hicho kitu. Nasema hivyo na mimi ni mtu wa kudai posho yangu hadi senti ya mwisho.

Huko utaitwa "dokta" hata ukikataa. Jifunze kusalimia, "mwangaluka" inafungua milango mingi. Mimi ningeenda.

matroni_mstaafu

Mwanangu, hongera kwanza. Sasa nitasema kinyume na huyo mwenzangu, ingawa alichoeleza ni kweli tupu.

Alichoeleza ni kazi ya mkunga aliyeiva. Wewe umetoka chuoni. Chuoni ulizalisha mwalimu akiwa nyuma ya bega lako, na mimi katika miaka yangu ya leba nimeona tofauti ya wasichana walioanzia penye watu na walioanzia peke yao. Aliyeanzia peke yake anakuwa jasiri, ndiyo, lakini anajifunza kwa kubahatisha, na tabia aliyoianza vibaya hakuna wa kumsahihisha. Nimepokea rufaa nyingi ambazo partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, imejazwa baada ya mama kujifungua, yote kwa mstari mmoja ulionyooka. Hakuwa mzembe yule. Hakuwahi kuwa na mtu wa kumwambia.

Hospitali teule utaona kifafa cha mimba, mtoto aliyetanguliza makalio, mapacha, upasuaji usiku wa manane, na pembeni yako yuko mkunga wa miaka 20 anayekuambia "shika hapa, usivute". Wale masista wa misheni wana makali yao, kuchelewa ripoti ya asubuhi ni kesi, lakini mkono unanyooka. Swali la kuuliza kabla ya mshahara ni hili: saa nane usiku nikikwama, nani yuko ng'ambo ya ukuta? Ukijibu hilo, chaguo lako limepatikana.

mpiga_naiti

Mama shikamoo. Lakini mkataba wa miaka 2 ukiisha?

matroni_mstaafu

Marahaba. Ukiisha anaomba tena, akiwa na mikono.

afisa_utumishi_mdogo

Mimi si muuguzi, nakaa na mafaili yenu. Niweke mambo ya karatasi.

Serikalini unaanza na kipindi cha majaribio cha miezi 12, kisha unathibitishwa. Mfuko wa pensheni ni PSSSF: wewe unakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15. Binafsi na misheni ni NSSF, jumla asilimia 20 vilevile, lakini mara nyingi mnagawana 10 kwa 10. Kwa hiyo unapolinganisha mishahara, usilinganishe namba ya juu, linganisha kinachobaki mkononi na kinachowekwa upande wako. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kila mwezi kabla hujaiona.

Posho za kuitwa usiku na za saa za ziada zinategemea sana mapato ya ndani ya kituo. Zahanati ndogo mapato yake ni madogo, na wauguzi wanaodai malimbikizo si wachache. Mei 12 mnapewa fulana na keki, Mei 13 mnarudi kuulizia posho ya sare.

Kwa upande wa binafsi, soma mkataba na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikiwa pembeni. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Wengi mnasaini bila kuuliza hayo, kisha mnakuja kulalamika humu.

Na jambo la mwisho: usiporipoti ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, nafasi anapewa mwingine.

icu_bongo

Nipo ICU ya binafsi Dar, jina la hospitali mtaniachia. Faida ipo: nimejifunza mashine ya kupumulia, kusoma majibu ya vipimo vya damu ya ateri, kumtunza mgonjwa mmoja au wawili kwa makini badala ya wodi ya arobaini. Vifaa havikatiki. Glavu hatuoshi.

Kero yake ni kwamba wewe pia ni karani wa bili. Ndugu wa mgonjwa wanakuuliza wewe kwa nini siku moja ya ICU imefika pale ilipofika, na ofisi ya fedha inakuuliza wewe kwa nini hawajalipa. Kuna siku unamwambia mtoto wa mgonjwa habari mbaya na dakika hiyo hiyo mtu wa mapokezi yuko mlangoni na karatasi. Hilo linanichosha kuliko zamu yenyewe. Mkataba wa mwaka mmoja nao unafanya watu wote wawe wapole mno kwa meneja.

Lakini dada, umesema unapenda ukunga. ICU hutazalisha mtu.

nesi_wa_ughaibuni

Niguse hilo la nje, maana wote mnalipita. Niko Uingereza, hospitali ya NHS, yaani ya umma, nilianzia Bendi ya 5, ngazi ya mshahara ya muuguzi anayeanza, kama wengine.

Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, kwa hiyo mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuwachota huko. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja. Akitokea wakala anakutaka utoe pesa kwanza, kimbia. Na wale wanaouza safari za "caregiver" wajibiwe kwamba viza ya wahudumu wa matunzo ilifungwa kwa waombaji wapya wa nje Julai 2025.

Njia yenyewe ni mtihani wa Kiingereza (IELTS alama 7, kwenye kuandika 6.5 inatosha, au OET, ule wa watu wa afya), mtihani wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, kisha OSCE, mtihani wa vitendo wenye vituo 10, ukishafika. Nchi za Ghuba ni DataFlow ya kuhakiki vyeti na mtihani wa leseni wa Prometric, na waajiri wengi wanataka angalau miaka 2 ya wodini, hospitali yenye vitanda. Hapo zahanati inakubana. Utakuwa umefanya kazi ya watu watano ila kwenye fomu yao hakuna pa kuiandika.

Baridi sitaieleza. Kinachouma huku ni kumwosha bibi wa watu kwa upole kila asubuhi huku bibi yako anaoshwa na jirani.

nesi_wa_kaunti

Niko Kenya, niruhusiwe kuchangia. Wadau wa Bongo, msidharau hiyo "ajira ya kudumu". Huku kuna wenzetu walioajiriwa 2020 kwa kandarasi za UHC, mpango wa afya kwa wote, wakafanya kazi ileile na wenzao wa kudumu, kwa malipo ya chini, na miaka ikapita wakiwa bado barabarani wanadai kubadilishiwa masharti. Afya ilipohamia kaunti, mshahara ukawa unategemea uko kaunti gani. 2017 tuligoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba. Ukishaonja hayo, barua yenye neno "kudumu" unaiweka kwenye fremu.

sista_mgeni

Asanteni sana, na shikamoo mama matroni. Nimesoma mara mbili mbili. ICU nimeiondoa, icu_bongo amenimaliza kwa sentensi moja. Nimebaki na Sikonge na misheni. Je, naweza kuanza misheni halafu serikali baadaye?

afisa_utumishi_mdogo

Unaweza kuomba tena tangazo likitoka, lakini hakuna anayekuahidi. Kinyume chake kipo: hospitali teule nyingi zina watumishi wa serikali waliopelekwa kufanya kazi pale kwa makubaliano, wanalipwa na serikali. Ukishathibitishwa unaweza kuomba uhamisho kwenye mfumo wa serikali wa watumishi. Hautoki haraka, sikudanganyi, lakini mlango upo.

mkunga_wa_unyamwezini

Kabla hujaamua, mpigie simu mfawidhi wa zahanati hiyo. Muulize friji ya chanjo ni ya sola na inafanya kazi? Nyumba ya mtumishi ina mtu? Muuguzi aliyekuwepo alihama au alikimbia? Masika mbuga zikijaa, gari la rufaa linapitaje? Mtandao wa simu unashika ndani ya chumba cha kuzalishia au lazima upande kichuguu? Majibu yake yatakwambia zaidi ya sisi wote humu. Na chanjo ya homa ya ini ya B anza sasa, ni dozi tatu, usingoje kujichoma sindano ndipo uulize. Ukijichoma, dawa za kinga ya VVU ni ndani ya saa 72, kwa siku 28.

sista_mgeni

Nimempigia. Ni mtu mzima, mpole. Friji ni ya sola na ni nzima. Muuguzi aliyepita alimfuata mumewe Mwanza. Nyumba ipo, paa linavuja upande mmoja. Masika kuna korongo ambalo gari halipiti, wanambeba mama kwa machela hadi ng'ambo, gari linamsubiri huko. Amesema "njoo, mwanangu, tuko wawili tu na wajawazito hawapungui".

Naenda.

mpiga_naiti

Nilisema mwanzoni kabisa. Nipewe haki yangu.

matroni_mstaafu

Mimi bado sijakubali, lakini umeshasema. Basi fanya hivi. Ukiripoti Sikonge, kabla hujapelekwa kituoni, mwone Muuguzi Mkuu wa Wilaya, umwombe akuweke leba ya hospitali ya wilaya wiki tatu nne hivi. Usiombe kwa aibu. Mwambie unataka kuona akina mama wanaotokwa damu wakihudumiwa na wenye uzoefu kabla hujabaki peke yako. Akiwa mkunga wa kweli atakuelewa hata hujamaliza sentensi. Chukua namba za simu za wakunga wote wa pale, na za mtu wa duka la dawa la wilaya pia, huyo ndiye utakayemsumbua kuhusu oksitosini.

sista_mgeni

Nimeandika, mama. Kuna anayejua basi la Tabora kwenda Sikonge asubuhi linaondoka saa ngapi?