Tupeane uzoefu: kazi za mababu zetu ambazo hatukuwahi kuambiwa (Mtwara na Lindi)

Mwanakorosho: Wakuu habari za jioni. Jana tumemaliza arobaini ya babu huku Nachingwea, tunagawana vitu vyake ikatoka filimbi ya chuma imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Sisi wote tunamjua babu mkulima wa korosho. Mjomba ndo anasema alikuwa mtu wa reli, ile ya Mtwara ya mradi wa karanga wa Waingereza, alianza kwa kubeba mataruma. Reli iling'olewa miaka ya 60, mi nimekua napita kwenye tuta lake sijui kitu. Nyie mmekuta nini?

Binti Mikindani: Umenikumbusha mbali sana. Sisi tumekuzwa tukiambiwa ni ukoo wa wenye majahazi. Mwaka juzi kwenye kikao cha shamba la minazi binamu yangu akasimama mbele ya wazee akasema nyie hamna fungu hapa, bibi yenu aliletwa na msafara kutoka bara, alinunuliwa. Ua mzima kimya, mama yangu kainama anachomoa ukili wa mkeka mmoja mmoja. Sikulala. Alfajiri nikamfuata shangazi mkubwa, akasema ni kweli, alikuwa Myao, aliletwa mdogo, na baadaye akawa anafinyanga vyungu anauza mpaka akanunua hiyo minazi kwa hela yake, yani shamba tunalogombania ni jasho lake yeye! Akanipeleka jikoni akanipa chungu chake, shingoni amezungushia vidoa kwa gunzi la muhindi, ukipitisha kidole unavisikia.

Wa Ndanda: Pole dada, nimelia.

Kusini Kwetu: Haya ya utumwa yangeachwa yafukiwe, yanavunja koo.

Binti Mikindani: Aibu ni ya aliyenunua. Bibi yangu simfukii mara ya pili.

Mzee wa Tunduru: Mbona Wayao ndo walikuwa wanauza watu?

Wa Ndanda: Waliuza na waliuzwa pia. Hapa si pa kushindana makabila.

Mjukuu wa Mpagazi: Mi babu mzaa babu alibeba mifupa ya dainosaria! Kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, mizigo ikaenda Lindi kichwani, mwendo wa siku nne, ndo ikapanda meli. Nyumbani tuliambiwa alibeba "mawe ya wazungu" tukajua kokoto. Mwaka jana mwanangu ananionyesha kwenye simu yule dainosaria wa makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kimo zaidi ya mita 13, bibi akachungulia akasema ndo mawe ya babu yenu hayo, alirudi utosi umetoka kipara.

Kusini Kwetu: Duh! Alilipwa?

Mjukuu wa Mpagazi: Bibi anasema alilipwa, kiasi hajui.

Mzee wa Tunduru: Irudishwe hiyo mifupa!

Wa Ndanda: Ikirudi tutaiweka wapi? Kwanza ijengewe nyumba nzuri Lindi.

Mama Newala: Vijana, kaeni na wazee muwarekodi kwa simu. Na muanzie kwa wajomba, huku ukoo unapita kwa mama, ukimuuliza baba utapata nusu.

Kusini Kwetu: Ukitoa simu mzee ananyamaza. Mpelekee tumbaku, kaa, msubiri.

Mzee wa Tunduru: Na usiulize siku ya kugawa urithi, utaambiwa kwa hasira.

Mama Newala: Mwanakorosho, hiyo filimbi bado inalia?

Mwanakorosho: Inalia mama. Nimeijaribu saa hii, bibi kanikataza, filimbi haipulizwi usiku inaita nyoka. Ila kaichukua, yuko nayo mkononi mpaka sasa.