Mwalimu mpya aandike andalio kamili la somo kila kipindi?

Kipindi cha Saba: Mwalimu aliyeajiriwa juzi kapewa vipindi 28 kwa wiki. Andalio la kurasa mbili kila kipindi ni kurasa 56. Madaftari ayasahihishe saa ngapi? Mimi nasema azimio la kazi, yaani mpango wake wa mada za muhula, na nusu ukurasa wa nukuu vinamtosha. Mengine yote anamwandikia mkaguzi.

Mkaguzi Mstaafu: Mkaguzi hali karatasi, kijana. Anachotazama kwanza ni lengo. Akikuta "mwanafunzi aelewe sehemu" kishajua hapo hamna somo. Kuelewa utakupima kwa pishi? Andika "ajumlishe sehemu mbili zenye asili tofauti, apate angalau 4 katika maswali 5". Mstari mmoja huo, kurasa 56 za nini?

Kipindi cha Saba: Umelijibu neno "mkaguzi", swali langu umeliacha.

Bi Chaki: Lengo lake zuri, ila walimu wageni wengi wanaanguka kwenye dakika. Kipindi cha dakika 40 wanakigawa vile vile: utangulizi 5, maarifa mapya 15, kuimarisha 10, tafakuri 5, hitimisho 5. Kisha ndani ya zile 15 wanatia kazi ya vikundi. Darasa la watoto 70, vikundi vya saba saba, ni vikundi 10. Kila kimoja kikiwasilisha kwa dakika 2 zishakwenda 20, na hapo hawajahesabu viti kuburutwa. Wawasilishe vikundi viwili tu, vyengine vilinganishe majibu pale pale vilipokaa.

Na kwenye andalio, safu ya kazi za mwalimu wanaijaza pomoni, ya mwanafunzi wanaandika "kusikiliza". Mwalimu mpya aandike vitu vitatu: ubao utakavyokuwa, maswali matano aliyokwisha kuyafanya mwenyewe, na kosa analolitarajia. Kwa 1/2 + 1/3 kosa ni 2/5, maana wanajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Jibu liwe tayari: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, umeongeza ukapunguza? Halafu atoe ukanda wa karatasi wa sentimita 12. Nusu ni 6, theluthi ni 4, jumla 10 katika 12, yaani 5/6. Bila ukanda ule KDS (kigawe kidogo cha shirika) inabaki uchawi tu.

Maalim wa Wete: Theluthi ndo nini, Bi Chaki? THULUTHI. Mtoto kishaisikia chuoni, kwenye Kurani, kabla hajaja skuli. Na ukanda wa nini, yakhe, mfano si upo? Mwanamke kafa, kaacha mume, mama na ammi. Mume nusu, mama thuluthi, ammi sudusi (1/6) iliyobaki. 5/6 yako hiyo, bila mkasi wala gundi.

Bi Chaki: Zote mbili zinasemwa, Maalim. Na gundi sikuitaja.

Mwana wa Mkoani: Maalim, huyo mwalimu mpya utamuumbua. Mtoto atauliza, "Na baba akiwepo?" Hapo mama hachukui thuluthi ya mali yote, anachukua thuluthi ya kilichobaki baada ya mume. 1/6 hiyo. Somo lishageuka fiqhi, na mtoto asiyekuwa Muislamu kakaa tu anatazama dirishani.

Maalim wa Wete: Baba nilimtaja mimi? Soma vizuri. Mume, mama, ammi.

Mwana wa Mkoani: Haya, mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. 1/2 + 2/3. Zijumlishe ubaoni tuone.

Mkaguzi Mstaafu: 7/6. Mali imeizidi mali, hehe.

Maalim wa Wete: Ndo aul hiyo, mafungu yakiizidi mali asili inapandishwa! Asili 6 inapanda 7, mume anachukua 3, dada 4. Wazee walishaimaliza zamani.

Bi Chaki: Wameimaliza, lakini darasa la tano litatoka linaamini 3/6 + 4/6 ni 7/7. Ndiyo maana mfano unajaribiwa kwenye karatasi kabla ya kuingia darasani. Hesabu ya mume, mama na ammi inafaa, Maalim, sikatai. Ila iandikwe, na iandikwe pia kwamba hapo unasimama, hauongezi mrithi.

Kipindi cha Saba: Kwa hiyo kurasa ngapi?

Maalim wa Wete: Usitutoe kwenye mada, kijana. Bi Chaki, nani kakwambia aul haifundishiki darasa la tano?