Moshi wa daiathemi thieta unanimaliza, nifanyeje?

SistaWaArua: Wanajukwaa naombeni ushauri. Mimi ni skrabu nesi, yule anayempa daktari vifaa thieta (chumba cha upasuaji), jina la hospitali silitaji. Daktari akianza kuchoma mishipa ya damu na daiathemi, ile kalamu ya umeme ya kuzuia damu, iwe siza (upasuaji wa kujifungua) iwe henia, moshi wote unanijia usoni, harufu ya nyama kuungua, macho yanawasha, nikitoka kichwa kinagonga. Nimemwambia inchaji, msimamizi wetu, akacheka eti ndo kazi niliyoichagua. Je barakoa ya bluu inatosha? Na mgonjwa je?

Musawo_Mzee: Pole sista. Sisi tumeuvuta miaka yote na bado tupo. Fungua dirisha.

KalamuYaMoto: Dirisha la thieta mzee wangu?? inzi waingie tumboni mwa mtu 😂 Sista, asilimia kama 95 ya ule moshi ni mvuke tu, balaa liko kwenye hiyo 5, mna benzini, fomaldehaidi, sianidi. Chembe zake ni kama maikroni 0.07 na barakoa ya bluu kazi yake ni kuzuia matone, tena pembeni iko wazi. Vaa barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe, iliyobana ila usiishie hapo, moshi unyonywe palepale unapotokea, mdomo wa mpira usizidi sentimita 5 kutoka ncha ya ile kalamu ya daiathemi. Mashine ya kunyonya moshi yenye filta ya ULPA (inanasa hata chembe ndogo sana) ndo yenyewe, ikikosekana sakshen (mfyonzo) ya ukutani yenye filta inasaidia moshi ukiwa kidogo

SistaWaArua: Banange, sakshen yetu ni ile ya jagi na mota

KalamuYaMoto: Hiyo angalia filta yake, kama haina au imechoka inavuta huku inatemea humohumo ndani.

Nalubega_gaini: Naongezea. Kwetu tunachoma mlango wa kizazi kwa LEEP (waya wa umeme), na DNA ya HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, imeshapatikana kwenye moshi wa namna hiyo, kwa hiyo hapo N95 hatubishani. Mgonjwa wa siza ya spaino (ganzi ya mgongoni) yuko macho, anavuta hewa ileile yenu. Wa laparoskopi (upasuaji wa kamera, tumbo linajazwa gesi) ndo zaidi, moshi unafungiwa tumboni na kaboni monoksaidi inaingia kwenye damu, na mkiifungua ile gesi bila filta inawarudia nyinyi. Inchaji akicheka andika barua kwa kamati ya IPC (ya kuzuia maambukizi hospitalini), taja sheria ya Uganda ya usalama kazini ya 2006, weka nakala.

Musawo_Mzee: Haya, la dirisha nimelifuta. Lakini sista, daktari mwenyewe umemwambia? Yeye ndo pua yake iko karibu kuliko yako.

SistaWaArua: Bado mzee. Kesho tuna henia mbili, ntamwambia kabla hajanawa. Filta za kuchomeka kwenye mpira zinapatikana Arua au mpaka Kampala?

KalamuYaMoto: Pima kwanza upana wa mpira wenu, nitumie inbox.