Wakuu msaada: klabu ya jogging tukodi nesi na dawa za dharura au tununue mashine ya kushtua moyo?

Mzee wa Lami: Wakuu habari za humu. Sisi ni klabu ya jogging hapa Dar, tupo kama 60. Miezi mitatu nyuma mwenzetu alidondoka tunamalizia kilomita ya sita, akawa anakoroma, tukajua anapumua, tukampepea, tukammwagia maji, mmoja anamvua raba, mpaka tunampakia kwenye Noah dakika ishirini zimekata, hospitali wakatuambia tumeleta maiti. Sasa tumechangishana, kuna jamaa anatupigia debe la huduma kamili, nesi kila Jumamosi, oksijeni, mpira wa kooni wa kupitishia hewa, sindano za adrenalini. Bei imechangamka. Wengine wanasema AED tu, yaani hiyo mashine ya kushtua moyo, inatosha. Tushike lipi?

Kiroboto wa Temeke: Daah poleni sana aisee. Nasubiri madokta.

Dokta wa Zamu: Poleni mkuu. Kukoroma kule siyo kupumua, moyo ulishasimama. Mtu kadondoka, ukimwita haitiki, anakoroma au kimya, mikono katikati ya kifua hapo hapo, kizame sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mpokezane kila dakika 2 maana mtachoka vibaya.

Kuhusu huyo jamaa, swali lenu walishalipima Ontario kule Kanada, miji 17, majibu yakatoka 2004. Mashine za kushtua zilikuwa zinafika haraka tayari, ndo wakaongeza paramediki, wahudumu wa ambulensi wa kuweka mpira na kuchoma dawa. Wagonjwa zaidi ya 5,600. Waliofikishwa wakalazwa waliongezeka, kutoka kama 11 kwa mia mpaka karibu 15. Waliotoka hospitali wakiwa hai? Asilimia 5.0 ikawa 5.1, basi. Waliopona zaidi ni wale walioonwa wakidondoka, jirani akaanza kukandamiza, na mshtuko wa mashine ukawahi.

Binti Pwani: Dokta ina maana adrenalini inachomwa bure? Halafu Kanada siyo huku, huku ambulensi yenyewe unaisubiri mpaka unasahau uliita ya nini 😂

Dokta wa Zamu: Siyo bure kabisa. Uingereza walitoa majibu 2018, watu zaidi ya 8,000, nusu adrenalini nusu maji ya chumvi tu. Waliokuwa hai baada ya siku 30 ni asilimia 3.2 upande wa dawa, 2.4 upande wa maji. Ila kati ya waliopona, walioharibika ubongo vibaya walikuwa 31 kwa mia upande wa dawa, na kama 18 upande wa maji. Moyo unarudi, mwenyewe anaweza asirudi. Na hiyo ya huku siyo Kanada ndo inanipa hoja, wenzetu ukuta, yaani mashine inayowahi, walikuwa nao, nyie mnanunua bati, hizo dawa na mipira, na nyumba haina ukuta.

Mtunza Hazina: AED nayo ina betri, na zile pedi za kubandika kifuani zina tarehe ya kuisha, hilo mliweke kwenye bajeti. Na nani atakimbia nayo?

Mzee wa Lami: Bajaji ya maji huwa inatufuata nyuma, itakaa humo. Kuna mmoja anaogopa kukandamiza asije akamvunja mtu mbavu.

Dokta wa Zamu: Zinaweza kuvunjika kweli. Aendelee tu, mbavu zinaunga.

Kiroboto wa Temeke: Mkianza mazoezi ya kukandamiza mnishtue, nakuja na wife.