Kura kwa uwiano ni sawa, lakini orodha ataiandika nani?

Wadau, kila uchaguzi ukiisha hoja inarudi: mfumo wetu Tanzania wa mwenye kura nyingi kuchukua jimbo unazika kura za wengine wote, kwa hiyo tuige Afrika Kusini, watu wapigie chama na viti vigawanywe kwa asilimia. La kwanza nalikubali. La pili hapana.

Hesabu ya Afrika Kusini imenyooka. 2024 chama cha ANC kilipata takriban asilimia 40 ya kura, kikapewa viti 159 kati ya 400. Ila mbunge wa pale anajua aliyemweka ni aliyepanga majina kwenye orodha ya chama. Na sisi orodha tunazijua. Viti maalum vya wanawake bungeni vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. 2020 wanawake 19 waliapishwa kwa viti vya CHADEMA, chama kikasema hakikupeleka majina, kikawafukuza uanachama, nao wakaendelea kukaa bungeni. Mpiga kura hapo alikuwa mtazamaji tu.

Tuangalieni Lesotho. 1998 chama tawala, LCD, kilipata kura kama asilimia 60, kikazoa viti 79 kati ya 80. Chama cha upinzani BNP, chenye karibu robo ya kura, kikaambulia kimoja. Maandamano yakazuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na mji mkuu, Maseru, ukaungua. Ndipo wakaja na mfumo mseto: majimbo 80 yalibaki, vikaongezwa viti 40 vya kufidia chama kilichopata majimbo machache kuliko kura zake. 2002 BNP haikushinda jimbo hata moja, lakini ilipata viti 21.

Wajanja nao hawakulala. Karatasi zilikuwa mbili, ya mgombea na ya chama. LCD ilijua kwamba ikishinda majimbo mengi haitafidiwa kitu, basi 2007 ikashirikiana na chama kidogo cha NIP: kura ya jimbo kwetu, ya chama kwao. NIP ikabeba viti 21 vya fidia. ABC, wapinzani wakuu, wakafanya vilevile na chama kingine kidogo, LWP, vikapatikana 10. Dawa ikawa kura moja: tangu 2012 kura unayompa mgombea inahesabiwa na kwa chama chake.

Atakayesema serikali za mseto, yaani za vyama kuungana, hazitulii hajakosea. Lesotho walipiga kura mara tatu ndani ya miaka mitano: 2012, 2015 na 2017. Hata hivyo, bora kurudi kwenye sanduku la kura kuliko mji kuchomwa.

Pendekezo langu: majimbo yabaki, kura iwe moja, na viti vya fidia wapewe wagombea wa chama husika walioshindwa majimboni kwa kura nyingi zaidi. Jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, lilifanya hivyo kwa miaka mingi, bila orodha ya makao makuu.

Kinachonikwaza ni wanawake. Vyama vikiwasimamisha wachache majimboni, fidia nayo itajaa wanaume, wakati orodha ingeweza kulazimishwa kupishanisha majina, mwanamke kisha mwanamume. Mwenye njia ya kulitatua hilo bila kuwarudishia viongozi wa chama kalamu ya orodha, aiweke hapa.