Kupiga abiria picha kimyakimya kwenye daladala, mnalionaje?

Mleta mada: Wakuu habari za baridi. Mi kila asubuhi napanda haisi ya Uyole kwenda Kabwe hapa Mbeya, saizi vioo vyote ukungu mtupu, jana kuna mama kajifunika kitenge mpaka puani, kapakata ndoo ya parachichi, kalala, mwanga unampiga upande mmoja, nikatoa simu nikafyatua bila kumwambia. Picha kali ila roho inanisuta.

Mdau Mafiati: Ungemuomba angejiweka sawa, picha ishakufa. Yule mpiga picha Mmarekani, Walker Evans, pale New York kati ya 1938 na 1941 alikuwa anaficha kamera ndani ya koti, lenzi inachungulia kwenye vifungo, waya wa kufyatulia kaupitisha kwenye mkono wa koti, anapiga abiria wa treni za chini ya ardhi. Kitabu kikatoka 1966!

Mdau Soweto: Si ndo hapo, alikaa nazo miaka 25. We utatupia status kabla hujashuka. Halafu siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mi nilipiga konda kaning'inia mlangoni, flashi ikawaka (mjinga mimi), gari zima likageuka, nikashushwa Mwanjelwa na nauli nishalipa.

Mleta mada: Hahaha pole mkuu. Leo nimekutana na yule mama tena nikamwonyesha, kaiangalia weee, kasema "mwanangu si ungeniamsha nifunge kilemba vizuri". Anataka nimsafishie moja.