Je, takwimu za wazi zinatosha kuthibitisha ubaguzi katika mikopo ya nyumba?

Mwanafunzi wa Uzamili:
Ndugu zangu, ninaandika tasnifu kuhusu mikopo ya nyumba nchini Marekani, nikitumia takwimu ambazo sheria ya mwaka 1975 inawataka wakopeshaji wazitoe. Naona waombaji Weusi wananyimwa mikopo mara nyingi kuliko Weupe hata vipato vinapolingana. Msimamizi wangu anasema pengo hilo peke yake si ushahidi wa ubaguzi, kwa kuwa takwimu zilizo wazi kwa umma hazina alama za ukopaji za mwombaji, yaani namba inayoonyesha jinsi anavyolipa madeni yake. Je, nibadilishe mada?

Mchumi wa Makazi:
Usibadilishe, ila msimamizi wako ana hoja. Tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani lilikabiliana na swali hilohilo katika utafiti uliotolewa mwaka 1992: liliwaomba wakopeshaji taarifa za ziada, zikiwemo historia ya madeni ya mwombaji na thamani ya nyumba ikilinganishwa na mkopo. Awali, waombaji Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikataliwa kwa takriban asilimia 28, na Weupe kwa asilimia 10. Baada ya kuzingatia taarifa hizo, pengo hilo la pointi 18 lilishuka hadi takriban pointi 8. Wakosoaji walitafuta makosa kwenye data kwa miaka mingi, na mabishano yao yanafaa kusomwa kwa makini kuliko hata matokeo yenyewe, kwa sababu ndiyo yatakayokufundisha namna ya kulinda hoja zako.

Mtafiti wa Historia:
Naomba kutofautiana kidogo na mwenzangu. Tunapozichukulia alama za ukopaji kana kwamba ni kigezo kisicho na upande, tunasahau zilikotoka. Shirika la serikali ya Marekani lililoundwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba liliwaelekeza maofisa wake waepuke mitaa yenye mchanganyiko wa rangi, na ubaguzi katika makazi haukupigwa marufuku na sheria ya shirikisho hadi mwaka 1968. Familia iliyozuiwa kununua nyumba wakati ule haikuwa na mali ya kurithisha, na mjukuu wake leo anaomba mkopo akiwa na malipo ya awali madogo na madeni mengi. Ukiondoa athari za vigezo hivyo katika hesabu, unapima uamuzi wa afisa wa mkopo tu. Historia yote iliyomfikisha mwombaji mbele yake inabaki nje.

Mchumi wa Makazi:
Nakubaliana nawe, mradi maswali hayo mawili yatenganishwe waziwazi katika tasnifu. Mwanafunzi azingatie pia kwamba tangu takwimu za mwaka 2018, zinazotolewa ni pamoja na riba, gharama za mkopo na uwiano wa deni kwa kipato. Kwa hiyo anaweza kuchunguza bei wanayotozwa waliokubaliwa, mbali na kukataliwa. Na asiwasahau wanaotafuta nyumba za bei nafuu: gharama ya kuandaa mkopo mdogo hukaribia ya mkubwa, hivyo wakopeshaji wengi hawavutiwi nao, na mnunuzi mwenye fedha taslimu huichukua nyumba kabla maombi hayajaandikwa. Mtafutaji aliyeikosa nyumba hiyo haonekani popote katika takwimu.

Mwanafunzi wa Uzamili:
Nashukuru sana. Nitaanza na mikopo iliyo chini ya dola 100,000, na sura ya kwanza itaeleza ni nani asiyeonekana.